Kabla Hujalipia Boti ya Shela

Mbogi yetu imeamua: Desemba hii ni Shela. Tuko watano, tuna grupu ya WhatsApp, na kwa wiki mbili sasa imejaa picha za mchanga mweupe, bei za basi na hesabu za nani anaweza kutoa ngapi. Kuna swali moja linarudi kila siku: "Sasa huko kuna nini cha kufanya?" Na kila siku mtu anajibu hivi: "Hakuna kitu. Hiyo ndiyo raha yake. Kijiji kimelala, unaenda kulala nacho."

Mimi ndiye nimepewa kazi ya kupanga ratiba, na hilo jibu linanikera. Shela si kijiji kilichozaliwa kimelala. Ule utulivu tunaoenda kuulipia una historia, una watu walioutengeneza na wengine walioumizwa nao, na uko juu ya kitu ambacho kinaweza kuisha. Kwa hivyo badala ya kuwatumia mbogi voisi noti ya dakika arobaini, nimeamua kuandika hapa.

Kwanza ramani, kwa wale ambao hawajawahi kufika. Shela iko kwenye kisiwa cha Lamu, kama kilomita tatu kusini mwa mji wenyewe wa Lamu. Kutoka Nairobi kwa barabara unateremka hadi pwani, unapita Malindi, Garsen na Witu, kisha unafika Mokowe. Hapo gari limefika mwisho. Unaingia boti, unashuka Lamu, halafu unaamua: utembee ufuoni hadi Shela au uongeze pesa upelekwe na boti. Vichochoro vya kule ni vya miguu na punda. Ukitokeza upande wa pili wa kijiji, mbele yako kuna ufuo wa kilomita kama kumi na mbili, na nyuma ya ufuo matuta ya mchanga yaliyopanda kama vilima. Hayo matuta yakumbuke, tutayarudia.

Kuhusu tarehe, kuna mtu kwenye grupu alisema Desemba ni muda wa watu wa Nairobi tu, kwamba ni sisi tulioianzisha. Hapana. Desemba ni mwanzo wa kaskazi, upepo unaovuma kutoka upande wa Arabuni hadi mwezi wa tatu hivi. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India yalikuja na upepo huo, yakileta tende, nguo na vyombo. Yalikaa yakisubiri upepo ugeuke uwe kusi, kisha yakarudi na pembe, nafaka na boriti za mikoko. Hata neno msimu tulilipata huko, kwa mabaharia wa Kiarabu. Kwa hivyo kukaa Lamu miezi kadhaa ukisubiri upepo ilikuwa kawaida ya biashara. Wageni walikaa wakala, wakaoa, wakadaiwa. Sisi na siku zetu nne tutaonekana kama watu wenye haraka kweli.

Sasa Shela yenyewe ilitoka wapi? Ng'ambo ya mkondo, kwenye kisiwa cha Manda, kuna magofu ya mji unaoitwa Takwa. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye ukuta, msikiti mkubwa na kaburi lenye mnara ambalo bado limesimama. Karne ya 17 ilipokuwa ikiisha, watu wakauhama. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, lakini ile inayorudiwa sana ni maji: visima viligeuka chumvi. Na ukiwa kisiwani, kisima kikigeuka chumvi hakuna mjadala mrefu. Wakavuka wakaja upande wa pili, wakaanza Shela. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuzuru lile kaburi na kuomba mvua. Fikiria hiyo kidogo. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na bado wanarudi kwenye mji ulioishiwa maji kuomba maji.

Stori ambayo naona kila Mkenya angefaa kuijua kabla ya kutandika kikoi kwenye ule ufuo ni hii ya vita.

Mwanzoni mwa karne ya 19, pwani yetu haikuwa na mkubwa mmoja. Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui, ambao awali walitumwa na Oman kuwa maliwali, kisha wakajifanyia mambo yao. Kisiwa cha Pate kilikuwa na wafalme wa Nabhani, na kwa muda mrefu Pate iliiona Lamu kama mdogo wake wa kutumwa. Lamu nayo haikuwa na mfalme. Iliendeshwa na wazee wa pande mbili, Zena na Suudi, waliopokezana uongozi na kugombana kila mara. Kwa mtu wa nje, ulionekana mji rahisi kumeza.

Mombasa na Pate wakaungana. Kabla ya mishale na bunduki palikuwa na mashairi: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, na Zahidi Mngumi, aliyekuwa pia kiongozi, upande wa Lamu. Bifu zima lilipigwa kwa mistari yenye vina na mizani, na hiyo mistari ilisafiri kwa mdomo baharini kote kabla hata jahazi moja la vita halijang'oa nanga. Ukidhani kutupiana maneno hadharani kulianza na simu, basi.

Mwaka wa 1812 au karibu na hapo, majeshi ya Mombasa na Pate yakashuka. Wapi? Shela. Kwenye ufuo huohuo. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu mwaka kamili, na simulizi za Pate na za Lamu kila moja inavutia kwake, lakini mwisho wa siku hiyo hauna ubishi. Lamu walitoka wakawapiga wavamizi, wakawarudisha nyuma hadi majini. Na hapo ndipo simulizi zinapotaja kitu ambacho mtu yeyote wa pwani angekitarajia: maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vilikuwa vimekaa mchangani, haviwezi kuondoka. Watu waliokimbia vita walifika kwenye njia yao ya kutorokea wakaikuta nchi kavu. Waliuawa wengi sana, na inasemekana kwa miaka mingi baadaye upepo ulipohamisha mchanga, mifupa ilikuwa inaonekana.

Ningependa kusema Lamu walishinda wakaishi raha mustarehe. Lakini ushindi uliwatia hofu. Mombasa na Pate wangeweza kurudi. Basi wazee wakatuma ujumbe hadi kwa Sayyid Said, mtawala wa Oman, wakaomba ulinzi. Akakubali, na kwa nini akatae? Akatuma liwali na askari, na ile ngome unayoiona katikati ya mji wa Lamu ikakamilishwa karibu na 1821. Kutoka hapo hakurudi nyuma. Pate ikadhoofika, Mombasa ya Mazrui ikaangushwa 1837, na kufikia 1840 hivi Sayyid alikuwa amehamishia makao yake Zanzibar.

Mimi nikisoma hiyo mfululizo huwa nasimama kidogo. Ukanda wa pwani uliobaki mikononi mwa masultani wa Zanzibar ndio Waingereza walikuja kuukodi 1895, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na ndio uliofanya pwani iitwe himaya wakati bara lilikuwa koloni. Ilibidi mkataba usainiwe Oktoba 1963 ili maili hizo kumi ziwe Kenya. Sisemi yote yalisababishwa na siku moja Shela. Kulikuwa na biashara, kulikuwa na Waingereza, kulikuwa na mambo mengi. Lakini mlango ulifunguliwa pale ufuoni, na aliyeufungua alikuwa mshindi.

Shela ikanona. Msikiti wake wa Ijumaa, ule wenye mnara mweupe unaouona kila picha, ulijengwa 1829. Nyumba za matumbawe na chokaa zikaongezeka, zenye boriti za mikoko juu na vidaka ukutani. Pesa hizo zilitoka wapi? Hapa ndipo maelezo ya wageni hunyamaza. Sehemu kubwa ilitoka bara, ng'ambo ya maji, kwenye mashamba ya mtama, ufuta na minazi yaliyolimwa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulizuia kusafirisha watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe kwenye pwani ya Kenya ulifutwa kisheria 1907. Elfu moja mia tisa na saba! Kuna wazee wetu ambao babu zao waliishi wakati huo. Kwa hivyo ukipiga picha mbele ya mlango uliochongwa, mlango ni mzuri kweli, piga. Ila usiandike chini yake "maisha rahisi ya zamani". Rahisi kwa nani?

Na baada ya hapo ndio usingizi ukaanza. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901. Mizigo ya bara yote ikaelekea Mombasa, meli kubwa zikafuata mizigo, na Lamu ikabaki pembeni. Mashamba yakapoteza vibarua wa kulazimishwa na wenye mali hawakuwa na mpango mwingine. Vijana wakaondoka kutafuta kazi. Shela, iliyokuwa na misikiti na majumba, ikabaki na kuta zinazobomoka na familia zilizokataa kuhama. Hata biashara ya boriti, ambayo ilikuwa bado inashikilia watu, ilipata pigo 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi.

Huo ndio utulivu wetu, wasee. Ni mji uliopitwa na reli. Kile tunachokiita kupoa, kwa mtu aliyekuwa na miaka ishirini Shela wakati huo kiliitwa kukosa kazi.

Halafu wageni wakakipenda. Hoteli inayojulikana zaidi pale, Peponi, ilifunguliwa 1967. Miaka ya sabini wakaja vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mfuko mtupu. Baadaye wakaja wenye mfuko uliojaa. Magofu yakanunuliwa moja baada ya jingine, yakakarabatiwa vizuri sana, lazima niseme ukweli, na mafundi wa Lamu wakapata kazi ya mikono ambayo ingepotea. Mji mkongwe wa Lamu ukaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001. Lakini bei ya nyumba Shela ilipanda hadi mtoto wa Shela hawezi kununua Shela. Familia nyingi ziliuza, zikajenga nyuma zaidi. Na utalii ni ajira isiyo na uhakika: mwaka wa 2011 wageni walitekwa nyara, 2014 kukawa na mashambulizi Mpeketoni, na mara zote mbili wageni wakapotea. Aliyebaki bila mshahara ni yule kijana wa boti ambaye hakuwa amefanya lolote. Kwa hivyo ndiyo, angalieni matangazo ya usalama kabla ya safari. Ila msiongee kuhusu Lamu kama mahali pa kuogopwa tu, watu wanaishi huko.

Sasa turudi kwenye matuta, kwa sababu hapo ndipo grupu yetu imegawanyika.

Wawili wetu wamepata nyumba. Nyumba kali, ina dari la juu la makuti, ina upepo, ina bwawa la kuogelea. Tukigawanya kwa watano bei inaumiza lakini haiui. Mmoja akaandika, "Bwawa pekee linatosha, hata baharini siendi." Mimi nikauliza maji ya hilo bwawa yanatoka wapi. Nikaambiwa nimeanza uzee.

Acha nieleze basi. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Mvua ikinyesha kwenye matuta ya Shela, mchanga unaimeza. Maji hayo yanashuka hadi yanakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo yanakaa juu yake, kama mafuta juu ya supu, ila taratibu na bila kuonekana. Visima vilivyo pembezoni mwa matuta vinachota kutoka kwenye tabaka hilo, na maji yanasukumwa hadi mji wa Lamu. Sasa ukichota haraka kuliko mvua inavyorudisha, tabaka la juu linakonda na chumvi inapanda. Ukijenga juu ya matuta, ukaweka mashimo ya choo na saruji, mvua haiingii vizuri, na kinachoingia si kisafi. Kwenye mji wenyewe visima vingi tayari vina maji ya chumvichumvi. Hayo matuta ndiyo tangi.

Na ujenzi umekuwa ukisogea huko. UNESCO wamelalamika kuhusu matuta ya Shela zaidi ya mara moja, na wenyeji wamelalamika kabla ya UNESCO na kwa sauti kubwa zaidi. Watu wa Lamu hawajakaa kimya, hata kama tunawaita watu wa polepole. Mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ulipoletwa, walipigana nao hadi leseni ikafutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019. Bandari mpya ilipochimbwa upande wa Manda, wavuvi walienda Mahakama Kuu ya Malindi, na 2018 ikaamuliwa kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Bandari inaleta watu, na kila anayekuja anakunywa maji.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunirushia mawe: hatulali kwenye nyumba yenye bwawa. Bahari iko pale, ina joto, ni bure. Kujaza shimo kwa maji matamu hatua chache kutoka baharini, kwenye kisiwa ambacho watu wake walihama mji mzima kwa sababu ya visima, naona ni dharau. Najua hoja ya upande wa pili. Wanasema bwawa lilijengwa zamani, sisi tusipolala hapo watalala wengine, na watano kutoka Nairobi hawawezi kukausha Shela. Kweli. Pia watano kutoka Nairobi hawana sababu ya kulipia kitu hicho. Nimepata chumba kwa mama mmoja nyuma ya msikiti, vitanda vitano, paa wazi, ndoo na kata ya kuogea. Kura imepigwa: watatu kwa wawili. Walioshindwa wamesema ndoo yangu itakuwa ya mwisho kujazwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Shela ni kijiji cha Waislamu, nguo za kuogelea ni za ufuoni, ukiingia vichochoroni jifunike. Salimia watu, na shikamoo kwa wakubwa si mapambo. Usipande matuta na pikipiki hata ukipewa ofa. Mkondo kati ya Shela na Manda una nguvu, asiyejua kuogelea asijifanye. Ukisikia wazee wakisema "mai", wanamaanisha maji, hicho ni Kiamu, usimsahihishe mtu kwenye lugha yake.

Na siku ya tatu tunaenda Takwa. Hapa ratiba haitoki kwangu. Boti inaingia kwa mlango wa maji katikati ya mikoko, na mlango huo unapitika maji yakijaa tu. Ukichelewa kutoka, yanakupwa na unakaa hapo na chombo chako hadi yarudi. Nahodha tuliyempigia aliuliza tarehe, akanyamaza kidogo akihesabu siku za mwezi, halafu akasema tuwe gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mmoja wetu akauliza kama inaweza kuwa saa tatu, baada ya chai. Akacheka, akakata simu.